Goli Lililokataliwa Birkenrath

Roswitha Thelen hakumsamehe Heinz-Josef Pützer kwa miaka thelathini na mitano, wala hakuwa na nia. Wapo wanaosema moyo hupoa. Moyo wa nani? Wake haukupoa hata siku moja.

Mwaka sabini na nne alikuwa na miaka ishirini, mshambuliaji wa timu ya wanawake ya Birkenrath, mbio kama farasi. Mechi ya mwisho lazima washinde. Dakika za mwishomwisho akaachia shuti, mpira ukagonga mwamba, ukadunda ndani ya mstari kabisa, ukatoka. Refa alikuwa huyo Pützer, kijana wa Dommelbach, kijiji cha jirani. Akapunga mkono: endeleeni. Ikaisha sare. Wiki ileile wazee wa klabu wakasema timu ya wanawake haina maana, rudisheni jezi. Wakazirudisha, kumi na nne, zimefuliwa na kupigwa pasi. Watu wazima wanalia juu ya pasi, na waume zao wanauliza chakula kiko wapi.

Pützer akaifanya kichekesho. Kila sherehe ya kanivali anapanda jukwaani na bia yake, anashika kipaza sauti: "Mpira uliingia? Labda! Lakini wale akina mama walikuwa na viazi vya kumenya!" Ukumbi mzima unapiga meza.

Roswitha akaenda kucheza mjini, kilomita arobaini kwa pikipiki ndogo, theluji inampiga usoni, miaka kumi na mmoja, mpaka goti likasema basi. Akasomea ukocha. Darasani mwanamke peke yake. Mmoja akamwambia amletee kahawa, Roswitha akamwonyesha jiko lilipo. Kisha akarudi Birkenrath, akakusanya mabinti, akawafunga kamba za viatu miaka ishirini.

Mwaka elfu mbili na tisa akaja mwenyekiti mpya, kijana wa viatu vya kung'aa. Akasema mabinti wakishuka daraja, timu inafutwa, saa zao za uwanja wanapewa wazee wa kiume wenye vitambi. Ikabaki mechi moja, nyumbani, na pointi moja tu ingewaokoa. Wapinzani? Dommelbach. Kocha wao? Pützer, mjukuu wake Lioba alikuwa anacheza huko. Alianza kuthamini mpira wa wanawake ulipoingia nyumbani kwake.

Wiki nzima chakula hakikumshuka Roswitha. Siku yenyewe refa hakutokea. Kanuni za huko, mnangoja nusu saa, kisha makocha wanakubaliana kwa saini juu ya mtu mwenye cheti cha urefa aliyepo hapo. Isipochezwa, pointi hakuna. Wenye cheti walikuwa wawili, yeye na Pützer.

"Piga filimbi wewe, Heinz-Josef," akasema Roswitha.

"Na hii nyonga ya chuma? Nitafika katikati ya uwanja Jumatano."

"Basi napiga mimi."

"Timu yako mwenyewe? Rosi, mimi mzee, si mjinga."

"Haya, kaandike kwenye fomu ya mechi kwamba umewakimbia watoto."

Mama aliyekuwa anauza keki kwenye dirisha la klabu akapaza sauti: "Bwana Pützer, weka saini basi, kahawa inapoa!"

Akaweka saini, ananuna.

Roswitha akashika filimbi. Dakika ya kumi Maren, nahodha wake, akafunga. Moja bila. Baada ya hapo yeye na saa, saa na yeye. Sijui dakika zile zilikuwa za kitu gani, hazikuwa zinasogea.

Zimebaki nne, Lioba akapiga shuti. Mpira ukagonga mwamba, ukadunda ndani ya mstari kabisa, ukatoka. Kipa, Femke, akaukumbatia.

Dommelbach wanamtazama, Birkenrath wanamtazama. Pützer yuko mbali na mkongojo wake, haoni kitu. Hakuna aliyeona ila Roswitha. Angepunga mkono tu. Angemlipa vilevile, mwamba kwa mwamba, na mjukuu wake juu. Lakini akaziona akilini zile jezi kumi na nne, zimepigwa pasi. Akapuliza, akaonyesha kati. Goli.

Maren akaja mbio, kavimba uso. "Kocha, umechanganyikiwa? Wewe si wetu?"

"Leo mimi refa. Rudi nyuma ukabe!"

Dakika nne hizo zilimla nyama. Kona. Kona nyingine. Angeweza kumaliza mapema, nani angemuuliza? Hakumaliza. Kona ya mwisho Femke akaipiga ngumi mbili, mpira ukaangukia kwenye nyasi za nje. Saa ikatimia. Moja moja. Mabinti wakarukiana, wengine wakalia.

Pützer akaja anachechemea, kavua kofia.

"Ungenyamaza, mimi nisingejua."

"Ningekuwa wewe, ningenyamaza."

Akashusha sauti. "Rosi, lile la sabini na nne..."

"Usininong'oneze. Mimi ulinitangaza kwenye kipaza sauti. Kile pale dirishani, pembeni ya keki. Nenda."

Akaenda. Kipaza sauti kikalia kwanza, kisha ikasikika sauti yake, nyembamba, haina bia ndani: "Mwaka sabini na nne, hapahapa. Goli la Roswitha Thelen liliingia. Niliona. Nikadanganya."

Bwana mmoja wa Dommelbach akaanza kucheka na kupiga meza, kazoea.

"Si utani, Manfred," Pützer akamwambia. "Funga mdomo."

Manfred akafunga. Mwenyekiti naye akatazama viatu vyake.

Roswitha akanunua keki ya tufaha nzima, akaila karibu yote, chakula cha kwanza kumshuka tangu Jumatatu. Alimsamehe? Nani kasema? Alimkatia kipande naye. Kidogo, cha pembeni, kile kilichoungua.