Bibi wa Jukwaani

Msichana mmoja wa kanisani kwetu hapa Laurel, aliyezaliwa Maryland na hajakanyaga Kenya hata siku moja, aliniuliza juzi kama Nakuru ya ujana wangu ilikuwa na stima, yaani umeme. Stima! Nilimwangalia kutoka nywele hadi viatu. Nikamwambia, mwanangu, stima tulikuwa nayo, na ukumbi wa michezo ya kuigiza wenye pazia la mahameli, na hoteli ambayo kama ungekwenda na hiyo suruali yako iliyoraruka magotini, bawabu angekurudisha kwenu ukavae. Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Nakuru ya mwanzo wa miaka ya themanini ilikuwa inajipenda, wacha nikwambie. Jumapili baada ya ibada tulikwenda bugi, yaani dansi ya mchana, kwenye hoteli ya barabara kuu. Bendi ilikuwa ya Wakongo, watu watano wenye mashati ya rangi moja, na yule mpiga gita la solo alikuwa na maringo, haangalii mtu. Sisi wasichana tulinyonya soda kwa mrija polepole ili isiishe kabla hatujaombwa kucheza. Ukibahatika uliagiziwa kuku na chipsi, ukaletewa na uma na kisu, na hapo ndipo watu walipojua umelelewa wapi. Mimi nilijifunza kumkata kuku kwa kuibia macho meza ya jirani, jasho likinitoka.

Lakini dansi haikuwa penzi langu. Penzi langu lilikuwa ule ukumbi, ng'ambo ya barabara, mkabala na hoteli. Wazungu walikuwa wameshaanza kuuacha, na walimu, makarani na watu wa reli wakawa wanaigiza michezo ya Kiswahili humo. Mimi nilikuwa mpiga taipu. Nilikwenda kutazama mara moja tu, nikarudi kesho yake kuomba nafasi, na mwaka wa pili nikapewa kuwa bibi wa stesheni masta. Huyo ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Mwisho wa mchezo alisimama peke yake mbele ya watu akamweleza mumewe kila kitu alichokimeza kwa miaka kumi. Nilifanya mazoezi miezi mitatu. Nilisema maneno yale nikifua, nikipanga foleni ya maziwa, nikichapa barua za watu. Na nilikuwa mzuri. Sijisifu bure, nilikuwa mzuri, na kila mtu mle ndani alijua.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Mume wangu alikuwa karani wa posta, mtu mpole, hanywi, hapigi. Wiki ya onyesho alikuja mazoezini kunichukua, akakuta stesheni masta amenishika mkono, maana ndivyo mchezo ulivyotaka. Njia nzima alitembea hatua tatu mbele yangu. Tulipofika nyumbani akavua koti, akalitundika, akasema, "Bibi yangu hawezi kuwa bibi ya mtu mwingine mbele ya watu." Nililia, nikabembeleza, nikamwita hata baba yangu mdogo aje aseme naye. Wapi! Msichana mwingine akapewa nafasi yangu pamoja na karatasi zangu, zikiwa na alama zangu za penseli.

Na unajua alichofanya yule mtu? Jumamosi hiyo alasiri, onyesho likiendelea, alinipeleka hotelini tukale, eti nisahau. Tukapewa meza ya dirishani. Bendi ilipopumzika, makofi ya ukumbini yakavuka barabara yakatufikia pale mezani, naye akaniuliza kama nataka nisogezewe chumvi. Alikufa zamani, nilimzika kwa heshima zote, na alikuwa baba mwema kwa mwanangu. Lakini kuku wa siku ile bado amenikwama kooni, na sitajifanya kwamba nilisamehe.

Sasa nimeishi Laurel miaka ishirini na tatu. Ninaosha wazee huko Bowie, ninawalisha, ninawavalisha soksi, ninacheka vichekesho vyao vilevile kila asubuhi. Jukwaa nilikuwa nimelizika pia. Ndipo mwaka jana mtu fulani akanitaja kwa mwalimu mmoja mstaafu, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kuishi Morogoro miaka kadhaa. Anaongoza kikundi cha kuigiza cha Waswahili wa kila aina: Watanzania, Wakenya, Wakongo. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Anamwamkia kila mtu shikamoo, na sisi watu wa Nakuru tunabaki kumwambia "poa" kwa aibu.

Alinipigia simu. "Shikamoo, mama. Tuna mchezo kuhusu familia iliyohamia hapa Marekani. Tunaomba uwe bibi. Bibi ndiye roho ya nyumba ile."

"Bibi?" nikauliza.

"Ndiyo, bibi. Hakuna mwingine anayefaa."

Haki ya Mungu, nilikaa kitandani nikalia. Halafu nikainuka nikajitazama kwenye kioo. Nina miaka sitini na minne. Sawa, lakini kwani wanaume wazee hawana mabibi? Nilipaka nywele rangi. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane zamu za Jumamosi. Nikaanza hata kutembea wima, mpaka mzee wangu mmoja wa Bowie akaniuliza nimepata mchumba wapi.

Siku ya kwanza ya mazoezi tukagawiwa karatasi. Nikatafuta jina langu haraka haraka kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani. Bibi amelala kitini. Nikafunua ukurasa. Bibi anakohoa. Nikafunua tena, na tena. Bibi bado amelala. Maneno yote, kurasa na kurasa, yalikuwa ya mtu mwingine aliyeandikwa "Mke".

"Samahani, mwalimu," nikasema. "Hapa bibi ni nani?"

"Ni mama yake baba," akasema kwa upole. "Yule mzee wa familia."

Ngai! Kwetu huyo ni nyanya, au shosho ukitaka kumbembeleza. Bibi ni mke wa mtu. Mtanzania mmoja akaanza kunieleza kama mtoto wa chekechea kwamba bibi ni mzaa mama au mzaa baba, na mke ni mke. Mama mmoja Mkongo akanitetea, akasema hata kwao Lubumbashi bibi ni mke. Wakabishana, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka, ningefanya nini? Nilicheka huku nimeshikilia karatasi kwa nguvu hadi zikakunjika.

Nikaomba nijaribu tu, mara moja, maneno ya Mke. Nikayasoma. Mahali anapomwambia mumewe, "Miaka kumi nimekupikia, leo pika mwenyewe uone moto unavyochoma," nikajifanya naweka kijiko mezani kwanza, ndipo nikasema. Mwalimu akavua miwani akaifuta. "Mama, ni nzuri mno," akasema. "Lakini mume ana miaka thelathini na mitano." Kisha akaniomba nimfundishe msichana atakayekuwa Mke.

Alikuwa nesi wa miaka ishirini na sita, Mkenya aliyekulia hapa, anayesikia Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza. Alikuja kwangu kila Jumamosi na maandazi aliyoyapika mwenyewe. Nilimfundisha avute pumzi wapi, akate wapi, aweke kijiko kabla ya kusema. Nilimpa kila kitu. Kama angekuwa na kiburi ningemchukia kwa raha zangu, lakini hakuwa nacho, na hilo lilinikera zaidi.

Onyesho lilikuwa alasiri katika ukumbi wa shule. Nyuma kulikuwa na sinia za pilau na chapati, na Mkongo mmoja akipiga gita pembeni. Mimi nilikuwa kitini, shuka magotini, macho nimeyafumba. Nikasikia pumzi zangu na vituo vyangu vikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Akafika mahali pale. Akaweka kijiko. Akasema, "Miaka kumi nimekupikia," halafu akakwama.

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Ningetikisa midomo tu. Nilikuwa nayajua maneno yale kuliko jina langu. Nikanyamaza. Sikuduwaa, sikusahau, nilinyamaza makusudi, nikisema moyoni, na wewe onja.

Akavuta pumzi, akammiminia yule mume yaliyobaki kwa Kiingereza, maneno yake mwenyewe, makali, Kiswahili kikiingia na kutoka. Vijana waliokuwa nyuma na simu zao wakaruka juu wakipiga mayowe. Ukumbi mzima ukasimama. Na nitasema ukweli ingawa unaniuma: ilikuwa bora kuliko yangu.

Baadaye, watu wakipakua pilau, alikuja mbio akanikumbatia, machozi yakimtoka. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba alisahau, kwamba alinitazama nimsaidie, akaona nimepitiwa na usingizi. Kisha akajitahidi kusema kwa Kiswahili, taratibu, kama nilivyomfundisha.

"Pole, bibi. Tumekuchosha."

Nikamshika mkono. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, nilikuwa nimesinzia.