Upenu wa Dafroza

Dafroza aliwachukia ndugu za marehemu mumewe, Masatu, na hakuficha. Nao walimchukia. Kilichombakiza kijijini Murangi ni nyumba aliyojenga na Masatu miaka ile ya foleni za sukari, bati zilipoadimika: paa la nyasi nene, nafasi chini ya paa ya kutolea joto, na upenu mpana uliokaa juu ya nguzo pande zote. Jua la saa nane liliishia nje.

Ikaja ruksa ya biashara huria, bati zikarudi madukani. Shemeji yake Alfonce, aliyeneemeka kwa kuuza sangara, akajenga nyumba ya bati hatua chache kutoka hapo. Ujuha aliofanya sijui nani alimfundisha! Alibana upenu ili kuokoa bati, akaziba nafasi za juu kwa saruji eti popo wasiingie, kisha akakata miti yote ya kivuli ili wapita njia waone paa linavyong'aa. Likang'aa kweli. Akamhamishia humo baba yake, mzee Bernado.

Masika yale paa la Dafroza lilivuja mara mbili.

"Baba, nyumba ya nyasi inatuaibisha," Alfonce akasema. "Niivunje, shemeji arudi kwao."

"Vunja," mzee akajibu. Wakapanga iwe baada ya kuvuna pamba.

Kiangazi kikashika, ndani ya bati pakawa hapakaliki. Kila mchana mzee Bernado akawa anabeba kigoda chake kwenda kwa Dafroza. Kwao baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, hata mvua ya mawe inyeshe. Basi alikaa upenuni, upande wa nyuma, bila salamu. Dafroza naye alimfagilia vumbi miguuni, makusudi.

Siku ikafika. Alfonce akaja na ngazi na panga. "Shemeji, toa vyombo."

"Sitoi hata kijiko." Kaka zake kule Guta walishamwambia hawana nafasi.

Alfonce akapanda, akakata nyasi za kwanza. Zikamwangukia mzee aliyekuwa amesinzia chini.

"Nani ananimwagia takataka?"

"Mimi, baba. Si ulisema nivunje?"

"Hayo niliyasema masika! Sasa mimi nitakuwaga wapi mchana? Ndani kwake siingii, na kwako naivaga kama muhogo. Shuka!"

Alfonce akashuka, amenuna. Mzee akamgeukia Dafroza. "Usidhani nimekupenda."

"Hata mimi sikupendi, baba. Kaa."

Kesho yake mchana Alfonce akatokea, shati limelowa jasho, kigoda mkononi. Dafroza akamzuia nje ya kivuli, akamwonyesha tundu la paani.

"Rudisha nyasi zangu kwanza."

Akaezeka juani mpaka akamaliza. Aliposhuka, Dafroza alimpa nafasi upenuni, upande wa magharibi, ambako jua lilikuwa limeanza kuingia.