Sufuria Tuliyoionja Wawili

Sukari ilipopotea madukani, kosa likawa letu wanawake. Mume wangu alikuwa mvuvi hapo Bukima, mtu wa mkono mwepesi. Kofi la kwanza alilonipiga katika ndoa yetu lilikuwa la chai: alionja, akatema, akaniuliza sukari nimempelekea nani. Nimpelekee nani, jamani, wakati duka la kijiji lilikuwa na viberiti na utando wa buibui tu? Mdomo ulichanika, ukavimba mpaka nikawa siwezi kutafuna.

Mama yake, ambaye tuliishi naye ua mmoja, alinipikia chai ya rangi nishinde nayo. Kwa sababu ya lile donda niliinywa kidogokidogo, naiacha ipoe, naizungusha mdomoni upande usiouma. Ndipo nikaijua chai. Nilikuwa nimeinywa tangu utotoni kwetu Butiama na sijawahi kuionja. Nilikuwaga nakunywa sukari ya moto, basi.

Tangu hapo mama mkwe akawa mwalimu wangu. Maji ya ziwa hakuyataka kabisa kwa chai, alisema yananuka magugu. Tulikingaga ya mvua kwenye bati. Yachemke hasa, sufuria ishuke motoni, ndipo majani yaingie, ufunike, uache. Ukiyatokosa unayaua. Asubuhi tulikaa jikoni, yeye na mimi, tukibishana kama majani ya hapa nchini yanayashinda yale ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ule uchungu unaoanza ulimini halafu unaacha utamu kooni niliupenda kuliko nilivyompenda mwanawe, na sioni haya kusema.

Vipigo viliendelea. Nyavu zikirudi tupu napigwa, ugali ukiwa mbichi napigwa. Mama mkwe alikuwa anaingia ndani kwake na kufunga mlango mpaka yaishe, halafu anakuja na kikombe.

Kisha biashara zikafunguliwa. Sukari ikarudi kwa magunia, sangara wakapata wanunuzi wenye magari ya barafu kutoka Musoma, mume wangu akanunua redio na viatu vya ngozi. Sisi wawili tukabaki na chai yetu isiyo na sukari. Alituona washamba, anasema shida imetuingia kwenye damu.

Siku hizo dada yake mdogo akapata mchumba, na wazee wa upande wa mwanaume wakaja kutoka Bugwema kuleta posa. Huku kwetu chai ya wageni inapikwa sufuria moja, maziwa, majani na sukari humo humo. Mgeni hawekewi bakuli la sukari ajipimie. Nikapika. Maziwa yalikuwa mazito, majani niliyapima kwa mkono. Nikaonja, nikaona iko vizuri. Nikampa mama mkwe naye aonje. Alifumba macho, akasema peleka, hiyo ndiyo chai.

Gunia zima la sukari lilikuwa limesimama kwenye kona ya sebule. Hakuna kati yetu aliyelikumbuka. Ndimi zetu zilikuwa zimeacha kuiulizia.

Mzee wa kwanza alipiga funda, akaangalia ndani ya kikombe, akakiweka chini. Wenzake hivyohivyo. Kumpa mkwe chai isiyo na sukari, na gunia analiona kwa macho yake, ni kumwambia hatukutaki. Walisimama kwa heshima, wakachukua fimbo zao, wakaaga. Wifi yangu alianza kulia kabla hawajafika njiani.

Mume wangu alichota sukari kwenye gunia. Alinikokota kwa nywele hadi jikoni, akanishindilia sukari mdomoni kwa ngumi, anasema meza, meza, mchawi wewe, umemfukuzia dada yangu bahati. Nikamng'ata kidole mpaka nikaonja damu. Akachukua kasia. Mama mkwe alikuwa pale pale kwenye kigoda chake, safari hii hakukimbilia ndani. Nilimtazama. Nilichotaka kwake ni neno moja tu, kwamba na yeye alionja. Kasia likashuka mgongoni, likashuka begani, na yeye kimya. Nikainua mkono kukinga kichwa, nikasikia mfupa ukilia.

Ndipo akasimama, akaingia katikati yetu.

"Nimeionja mimi. Nikasema ipelekwe. Nipige mimi."

Kwetu ukimpiga mama yako mzazi hakuna atakayekuzika. Alibaki na kasia juu, anahema, kisha akaligonga kwenye sufuria, chai ikamwagika yote, akatoka.

Nilirudi kutoka hospitali Musoma mkono umefungwa hogo la plasta kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko. Mama mkwe alipika chai ya rangi, akaninywesha mwenyewe kama mtoto. Ilikuwa chai nzuri, ya maji ya mvua, na nilikuwa na hasira naye. Nikamuuliza kwa nini alichelewa.

Hakujitetea. Alishusha kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nangoja achoke. Baba yake alikuwaga anachoka."

Nikamwambia huyu hachoki, na hogo likitolewa narudi kwetu Butiama.

Alinipa funda la mwisho, akanifuta kidevu kwa kanga yake.

"Usingoje litolewe, mwanangu," akasema. "Nenda kesho."