Bwana Yangu Alikataa Motokari Yake

Niseme wazi tangu mwanzo: eshapema ya zamani, ile tuyo ndefu ya kutoa moshi chini ya motokari, niliiondosha mimi. Si mutoto, si jirani, si mwizi. Mimi, na akili yangu yote, saa ya asubuhi, nikiwa nimeshiba.

Motokari yenyewe ni ya mbio, ya bazungu ya zamani. Iko na viti mbili tu na iko chini sana. Ukiingia ni kama unalala, miguu mbele. Niliingia mara moja, nikiwa bado kijana, nikatoka na haya, juu bantu ya Kamalondo, mutaa yetu, balisimama njiani kuniangalia kama maiti inapita. Patron wa garage ambako bwana yangu alikuwa anafanya kazi alimuachia ile motokari siku alirudia Ulaya. Alimuachia, ni kusema motere ilikuwa ndani ya makartoni ine na panya alikuwa amezaa kwenye kiti. Bwana yangu, muzee, aliitengeneza kila siku ya Mungu, garage ikiwa imefungwa, miaka na miaka. Mimi nilizaa batoto sita. Yeye alizaa ile moja.

Ilikuwa na sauti yake. Ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma chini-chini, na ukiizima ilipasua kidogo nyuma: pa, pa! Siipendi. Lakini nilikuwa naijua kama ninavyojua mutoto wangu akilia kati ya batoto ya bengine.

Sasa iko mwaka wa tatu kichwa ya muzee inapotea. Alianza na miwani, akaendelea na majina, akafika kwa bantu. Mutoto wetu mwanamuke, ule anaishi mutaa ya Golf, anamuita dada yake, na dada yake alikufa zamani. Mimi ananiita mama, na sijui kama ni mama wa batoto yake ao mama aliyemuzaa. Kuendesha, dokta alikataza. Nikaweka matofali mbele ya magurudumu. Lakini kila Ijumaa, mbele ya kwenda musikiti, alikuwa anaingia ndani ya motokari yake na kanzu yake safi, anawasha, anafunga macho, anasikiliza. Dakika kumi. Anazima. Akitoka pale, siku hiyo nzima anakuwa muntu. Anauliza bei ya mukate. Anakumbuka nani ni imamu.

Ni eshapema njo ilileta shida. Ilikuwa imeoza. Sanduku yake, ile ya kumeza makelele, ilikuwa inashikwa na waya, na moshi ilitoka katikati, ikaingia kwa dirisha ya jirani. Jirani alikuwa amezaa. Alinisemesha juu ya kibambazi, ukuta ya katikati yetu:

"Mama, mutoto wangu iko nakohoa sawa ile motokari yenu."

Alikuwa na haki. Nikamuita soudeur, fundi wa kuunga vyuma wa avenue yetu, muntu wa makamo, musema-sana lakini mukono yake ni muzuri. Alilala chini ya motokari, akagonga-gonga, kutu ikamwangukia machoni.

"Mama, hii iliisha kufa. Yote, toka motere mpaka nyuma. Tutie ingine?"

"Tia."

"Ya kwake sitaipata hapa mujini. Nitakutilia ya taxi. Itanyamaza muzuri."

"Njo nataka inyamaze."

"Na muzee? Atakubali?"

Nikamujibu, na ile jibu ningali naisikia: "Muzee anajua nini sasa?"

Kazi ilifanyika siku muzee alikuwa Golf kwa mutoto. Soudeur alikata boulons zote za kuishika, juu hazikufunguka, akashusha vipande tatu, akavilaza kwenye udongo kama nyoka iliyochinjwa. Akatia tuyo mupya, sanduku mupya, akaitundika na mipira ya kauchu. Akawasha. Jirani akachungulia na mutoto mugongoni, akapiga mikono. Mimi nilijiona nimefanya kitu ya maana.

Ijumaa, muzee akaingia na kanzu yake. Akawasha. Akafunga macho.

Akafungua macho.

Akazima, akawasha tena. Akatoka, akazunguka motokari mara mbili, akainama, akanusa kiti.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, muzee."

"Haina yangu. Yangu iko wapi?"

"Njo hii. Nilibadilisha eshapema tu."

"Eshapema nini? Baliisha kuiba motokari nzima! Na weye ulikuwa hapa. Weye njo ulibafungulia mulango."

Nilimueleza. Uongo sijazoea, na kwa bwana yangu sikuwahi. Kwa hiyo nilisema ukweli mara moja, mara mbili, mara ya tano nikiwa nimekasirika. Kila mara nilisema "ni mimi nilitoa," yeye alisikia "ni mimi niliiba." Nilimuleta chini ya motokari nimuonyeshe tuyo mupya inavyong'aa. Akasema, unaona, hata tuyo haina yangu.

Saa ya kula nikamuletea bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo. Akasukuma sahani.

"Sikuli ya mukono ya mwizi."

Nilifikiri njaa itamuleta. Jumamosi akasukuma tena. Mutoto wa Golf alikuya kutuona, nikampa amupelekee yeye. Muzee akauliza nani alipika, mutoto akasema ukweli, sahani ikarudi. Alikula ndizi moja ya jirani na maji. Yeye ni muzee, mwili yake haina akiba. Siku ya tatu nilimuona anashika ukuta juu ya kufika choo. Nilikuwa nimebishana na bantu bengi maisha yangu, karibu bote nikabashinda. Lakini utashinda namna gani muntu anayekufa njaa juu ya kitu ambayo haikutokea?

Siku hiyo hiyo akavaa viatu, moja yake na moja ya mukwe wetu, bwana ya mutoto wa Golf, akaenda kwa polisi. Alikataa nitembee naye. Nikamufuata nyuma, hatua kumi, kama mbwa aliyefukuzwa.

Polisi aliyekuwa kwenye meza alikuwa na heshima. Akamupa kiti.

"Papa, motokari yako iko rangi gani?"

Muzee akafikiri. Hakujua.

"Plaque? Numero?"

Hakujua.

"Sasa, papa, sisi tutaijua namna gani?"

Muzee akasimama. Akanyoosha mugongo, akaweka mikono nyuma, na mudomo yake akafanya sauti ya motokari. Alikohoa mara mbili. Akanguruma chini-chini, mashavu ikitetemeka. Akazima: pa, pa!

Polisi mwingine kule nyuma alicheka, kisha akaacha. Ule wa meza akasema, "Tena, papa," na muzee akafanya tena, bila kukosa hata kidogo. Jina yangu haijui, lakini ile yote ilikuwa ndani yake, nzima. Polisi akaandika kitu kwenye karatasi. Nilinyoosha shingo. Sijui aliandika nini. Mimi ile sauti siwezi kuiandika, na hapa pia naona nimeshindwa.

Tukaenda nyumbani batatu, polisi katikati. Akauliza ufunguo, akawasha, akasikiliza kichwa pembeni.

"Mama," akasema, "miye nitasema vile nasikia. Hii haisemi vile papa anasema."

"Ni eshapema!"

"Inaweza kuwa. Lakini haisemi vile."

Nilisimama ndani ya lupango, kiwanja ya nyumba yangu mwenyewe, kama mwizi aliyekamatwa. Nikaangalia ile motokari. Rangi ilikuwa ile, kiti kilichopasuka ilikuwa ile, na kweli, nikiri hapa, ilionekana kama ya muntu mwingine. Nilijiuliza kama ni yeye anapotea ao ni sisi bote.

Polisi alipoondoka, nikaenda mbio kwa soudeur.

"Unirudishie ile ya zamani. Sasa hivi."

Alinyoosha kidole. Pembeni ya atelier yake, bibi yake alikuwa anapika maharagi kwenye mbabula mupya, jiko ya makaa, moto ikiwaka muzuri. Mbabula ingine ya namna ile ilikuwa pembeni, inangojea mununuzi.

"Bati ya ile sanduku ilikuwa nzito, mama. Siku hizi haipatikane tena."

"Na tuyo?"

Tuyo ilikuwa imesimama kwenye udongo, kamba imefungwa juu, mashuka inakauka.

Nikakaa kwenye jiwe. Sikulia, siliagi mbele ya bantu. Nikamuambia kila kitu, hata ile jibu nilimupa, muzee anajua nini sasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabeba chupa zake za gazi na mashini yake ya kuunga vyuma.

"Ile sauti mimi pia nilikuwa naisikia kila Ijumaa, mama. Twende."

Tulipofika, alimukalisha muzee kwenye kiti, mugongo kwa motokari. Alimuambia yeye ni muntu anayetafuta motokari zilizoibiwa, na anataka kujua sauti. Muzee akafurahi, akamufanyia ile sauti. Soudeur akashusha sanduku mupya, akaipasua, akatoa matumbo yake yote, akaifunga tena na moto. Akawasha.

"Papa?"

"Hapana. Hii iko na homa."

Akakata tuyo kipimo cha mukono. Akawasha.

"Hii ni sauti ya mwanamuke."

"Unikoholee tena, papa."

Muzee akakohoa. Soudeur akatoboa tundu ndogo karibu na mwisho. Bado. Akaziba tundu, akatoboa ingine mbele. Bado, bado, "hii inajificha." Jirani akatokea juu ya kibambazi, mutoto mugongoni.

"Mama, si ulisema itanyamaza?"

"Moshi inatoka nyuma, inaenda njiani sasa. Mutoto wako akikohoa tena, kuya uniseme. Makelele, vumilia."

"Makelele ndiyo iko namuamusha!"

"Basi umuimbie."

Baliendelea mpaka adhana ya alasiri. Mara ya sita ao ya saba, soudeur akiwa mweusi mpaka meno, motokari ikakohoa mara mbili. Ikanguruma. Mimi, sikio yangu ilisikia tofauti. Ile ya zamani ilikuwa na kitu kingine chini, sijui nini. Akazima. Pa, pa.

Muzee alisimama bila kushika kitu. Akageuka, akaja, akaweka mukono juu ya bati ya moto ya motere.

"Baliirudisha," akasema. "Nani aliirudisha?"

Nilifungua mudomo. Nilitaka kusema: muzee, haikuenda mahali, ni mimi. Soudeur alinitangulia. Alipiga magoti pale kwenye mafuta na kutu.

"Ni miye, papa. Miye njo mwizi. Unisamehe."

Muzee alimuangalia sana.

"Juu ya nini uliiba?"

"Ilikuwa muzuri, papa."

"Ile ni kweli," muzee akasema. "Simama. Umekula?"

Nilipika mbio. Bukari, samaki wa kukausha, sombe iliyobaki. Nikaleta sahani moja kubwa, juu sikujua kama muzee atagusa, na sikutaka kuona sahani yake pekee inarudi. Nikabanawisha mikono. Soudeur akasema bismillahi, akamega. Muzee akamega pia. Niliangalia ule mukono unaenda mpaka mudomo. Akatafuna. Akamega tena.

Kusema ukweli pale kungekuwa kumutoa chakula mudomoni. Nikashika chupa ya maji na nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi yangu.

Akiwa anakula, muzee alimuinamia soudeur, akasema chini-chini, lakini nilikuwa nasimama pale pale, nguo yangu ilikuwa inamugusa bega:

"Bibi yangu nilimusema mubaya. Nilimuita mwizi. Sasa nitamuambia nini?"

"Muambie tu, papa. Atasikia."

"Aa, haumujui. Ni mukali sana ule."

Soudeur aliniangalia. Mimi sikujua niangalie wapi. Sikujua kama muzee anajua niko pale, ao kama anafikiri mimi ni muntu wa kupika tu, ao kama alikuwa ananichokoza sawa zamani. Nilingojea ageuze kichwa. Hakugeuza. Alikuwa anatoa miiba ya samaki, anaipanga pembeni ya sahani, moja moja.

"Muzee," nikasema, "kula kwanza."

Akakula. Sahani ikaisha, akauliza kama kuko ingine, na nikarudi kwenye moto kusonga ingine, juu mwizi pia alikuwa bado na njaa.