Inaganda Mama Akibisha Hodi

Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe, juu ya meza ya chakula, nyumbani kwetu Rwezamenyo, Kigali, huku mume wangu amesimama nyuma yangu akiniuliza kila mara kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na bisibisi, video za watu wanaofundisha bure mtandaoni, na ukaidi niliotoka nao Tanga. Vipande vingine nilinunua humuhumu mjini, vingine binamu yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam, kavifungia katikati ya kanga ndani ya sanduku la nguo. Nilipobonyeza kitufe feni zikazunguka, nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Laptop ya zamani ilikuwa ikikesha na harusi moja na asubuhi bado haijamaliza. Hii mpya ilimaliza harusi nzima, pamoja na hotuba za wajomba, wakati mimi nasukuma chapati. Niliipenda kupita kiasi, na haikupita wiki ikaanza kunitia wazimu.

Iliganda. Haikuzimika, haikupiga kelele, haikuandika neno lolote la kulalamika. Feni zinazunguka, taa inawaka, na kwenye skrini bibi harusi kainua kipande cha keki ambacho hakimfikii bwana harusi. Saa ya kwenye kona imesimama. Unasogeza kipanya, mshale hausogei. Dawa ni kubana kitufe mpaka ife kabisa, uwashe upya, na uombe Mungu kazi yako iwe imehifadhiwa.

Mtu mwingine angekasirika akaiuza. Mimi ugonjwa wangu ni mwingine: kitu kikinishinda, silali mpaka nijue kwa nini. Kwanza nilishuku joto, nikafungua ubavu wa kasha na kuielekezea feni ya chumbani. Ikaganda ikiwa baridi kabisa. Nikashuku umeme, nikaihamishia kwenye soketi ya jikoni, nikawa nahariri harusi za watu huku nanusa vitunguu. Ikaganda hukohuko jikoni. Nikachomoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi kama nilivyoona mtandaoni, nikairudisha. Ikakaa kwa adabu asubuhi yote, jioni ikaganda.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kimisagara, mtu mchangamfu ambaye duka lake halikosi watu. Alikaa nayo siku kadhaa. Nilipoifuata, nikamkuta yeye na wateja wake wanashindana humo mchezo wa magari, wanapiga kelele kama wako uwanjani.

"Dada, hii kitu iko fresh kabisa," akaniambia. "Tumeitesa asubuhi mpaka jioni. Haina tatizo."

Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani, na jioni hiyohiyo ikaganda. Ningekuwa na akili timamu, maneno ya yule fundi yangenitosha. Lakini sikuyasikia vizuri, kwa sababu wakati huo mtu mwingine alikuwa ameshapata jibu lake.

Mtu huyo ni mama mkwe wangu. Ni mzaliwa wa mtaa huuhuu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na yeye alishona nguo za watu mpaka macho yakamchoka. Sasa kila siku baada ya sala ya alasiri hutoka kwake, anapanda kijimlima, na kuja kwetu. Wageni wengine wote hupiga simu kwanza. Mama hapigi. Anabisha hodi akiwa ameshafika sebuleni, na mimi nilivyolelewa, mama mkwe akibisha hodi hukai kitako. Unaacha ulichoshika, unasimama, unampokea kwa mikono miwili, unauliza habari za kutwa, za mgongo, za majirani, mmoja mmoja. Nikimaliza yote hayo na kurudi kwenye meza, namkuta bibi harusi na keki yake, na saa imesimama.

Yeye ndiye aliyeliona kwanza.

"Mwana wanjye," aliniambia siku moja, maana huniita mwanangu kwa Kinyarwanda, "hii mashini, mbona mimi niko naingia, yeye iko nakufa?"

"Inakuonea haya, Mama," nikamtania.

Hakucheka. Siku iliyofuata alikuja ikaganda, na nyingine tena. Kisha akaacha kuja. Nilipopiga simu alisema ana mafua.

Siku hizohizo binti yake, wifi yangu anayekaa Remera, akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Mama. Kwetu na kwao hili halina mjadala: mama wa mzazi ndiye anayefika wa kwanza, anaosha mtoto, anampikia mwanawe uji. Mama alipika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akatuma mume wangu aupeleke. Mwenyewe hakwenda. Eti mafua. Wifi alinipigia analia, akiniuliza amemkosea nini mama yake.

Nikashuka kwa Mama. Nilimkuta hana mafua yoyote, amekaa kitandani, na vazi jipya la kwendea kwa mtoto limekunjwa pembeni yake. Nikamwambia sitoki humo mpaka aniambie.

"Zamani nilienda kusalimia jirani, alikuwa amezaa," akasema. "Nikabeba mtoto. Kesho yake mtoto akafa. Mama mkwe wake akasimama mbele ya watu, akauliza: nani alimbeba jana?"

Akalivuta lile vazi magotini, akalinyoosha mikunjo.

"Toka siku ile sijabeba mtoto wa mtu. Wangu nilibeba sababu hakukuwa na mwingine wa kubeba."

"Mama, dini yetu inakataza kuamini nuksi."

"Yego, ndiyo, najua. Sheikh pia alisema ni ujinga, nikamwitikia. Lakini mashini yako haijui mimi ni nani. Haijasikia ile maneno ya ule mama. Na bado niko naingia, iko nakufa. Sasa mtoto mchanga, ataniweza?"

Nilirudi nyumbani nina hasira ya kutaka kuitupa ile kompyuta bondeni. Mwanamke mzima, kazika mume, kalea watoto, anazuiwa asimguse mjukuu wake na kasha la bati nililolifunga skrubu mwenyewe! Tangu hapo nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: sababu ambayo haina miguu wala macho, ambayo ningeweza kumshika mkono nikamwonyesha.

Nikaanza kuitazama usiku na mchana, na kilichotokea kikanitisha. Haikuganda tena. Nilikuwa na harusi mbili za haraka, nikafanya kazi mfululizo, mashine ikahema lakini haikukwama hata mara moja. Nikiinuka kwenda kula naizima, maana umeme wetu ni wa kununua na mimi siachi kitu kinakula bure. Nikirudi naiwasha, inaendelea vizuri. Mama hayupo na kompyuta ni nzima. Nitasema kweli, kuna usiku nililala nikiwaza: je, kama ni yeye? Nilijichukia kwa wazo hilo, lakini lilikuja.

Aliyetuokoa ni shangazi wa bibi harusi mmoja. Alinipigia simu kuniagiza nani aondolewe kwenye video na kwa nini, na kila mtu wa kuondolewa alikuwa na historia yake tangu utotoni. Nilishika simu mkono huu, mwingine nimeuegemeza shavuni, nasikiliza ugomvi wa ukoo usionihusu. Macho yangu yakaangukia kwenye kona ya skrini. Saa imesimama.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Hakuna aliyebisha hodi.

Nilimkatia shangazi wa watu simu bila kuaga. Nikaiwasha upya mashine, nikaweka mikono mapajani, nikakaa naitazama kama ninayemvizia mwizi. Muda si mrefu ikaganda. Nikawasha tena, nikaipa harusi nzima iitoe upya, ikafanya kazi mpaka mwisho bila kukohoa. Nikaiacha tu, ikaganda. Nilisimama nikazunguka meza nacheka peke yangu. Mashine ilikuwa inaweza kazi yote duniani. Isichoweza ni kukaa bure! Kwa fundi ilipona kwa sababu mchezo wa magari haukuipa nafasi ya kupumzika. Na mimi, hodari wa kuzimazima, saa pekee niliyokuwa naiacha inawaka haina kazi ni pale nilipokurupuka kumpokea Mama.

Nikasoma mtandaoni mpaka nikaelewa. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikikosa kazi hupunguza umeme inaoutumia, inalala. Yangu ilikuwa inalala usingizi mzito mno, na ile pawa saplai, kifaa cha kuilisha umeme, ya bei nafuu iliyokuja ndani ya kanga ikawa inashindwa kuiamsha. Tiba ni kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguliwa kabla kompyuta haijawaka vizuri, na kuikataza isizame kiasi hicho. Ni mstari mmoja tu. Niliufungua, nikauona, nikaufunga bila kuugusa. Nilimtaka mgonjwa wangu abaki mgonjwa kidogo.

Mama hakuniamini.

"Oya, hapana. Iko unasema sababu unanihurumia."

"Njoo uone kwa macho yako."

"Na ikikufa?"

"Ikifa wewe ukiwa umeingia na mimi nafanya kazi, basi sitakubishia tena."

Niliposema hivyo ndipo nilipogundua nimejiingiza kwenye nini. Ili ithibitike kwamba si yeye, sikutakiwa kuacha kazi. Sikutakiwa kusimama. Mama mkwe wangu ataingia, na mimi nitakuwa nimekaa, nimempa mgongo, mkono kwenye kipanya. Mama yangu wa Tanga angekuwa hai angenizaba kibao.

Alikuja baada ya alasiri kama zamani. "Hodi."

"Karibu, Mama," nikasema, na sikugeuka.

Nilisikia kandambili zake zikisita mlangoni. Nilisogeza wajomba, nikakata hotuba, nikamwamkia huku natazama skrini, na masikio yakaniwaka kwa aibu. Aliitikia taratibu. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu kabisa, nikawa nasikia pumzi yake. Mshale ulikimbia, keki ikaliwa, watu wakacheza. Nikamuuliza habari za mgongo. Akasema mgongo uko salama. Saa ya kwenye kona ilikuwa inatembea, na sisi sote wawili hatukuwa tunatazama kitu kingine.

"Bado iko hai," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sasa tuiache, Mama. Twende tukapike chai."

Tulienda jikoni wote. Alisimama akitazama maji yachemke. Tuliporudi alinitangulia, akainama mbele ya skrini na macho yake mabovu, akagusa kipanya kwa kidole kama mtu anayejaribu pasi kama ina moto. Mshale haukusogea.

"Imekufa," akasema. "Imekufa peke yake! Hakuna mtu!" Akanigeukia, akanikumbatia, akapiga kigelegele, kwa kifo cha kompyuta ambayo ilinimalizia akiba yangu yote. Chai hatukuinywa. Alienda kuvaa lile vazi.

Tulipanda moto, pikipiki za abiria, kila mmoja ya kwake, mpaka Remera. Mlangoni kwa wifi alisimama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuvua viatu. Wifi hakuuliza mafua yamekwendaje. Alimwekea mtoto mikononi, akaenda kuleta chai na andazi, na Mama hakuvigusa. Mtoto alikuwa amelala, kimya, uso umekunjamana. Mama alimkodolea macho kifuani, hapepesi. Kila baada ya muda alikuwa anamkuna unyayo kwa kidole, taratibu, ili aone mguu ukijikunyata.

"Mama, mwache alale," wifi akamwambia.

"Alale. Mimi iko namwangalia tu."

Kukaanza kuwa giza, taa zikawashwa, naye hajabadilisha hata mkao. Kisha mtoto akakunja ngumi, akafungua mdomo, akaangua kilio cha hasira kilichojaza chumba. Mama alimwinua juu, machozi yanamtiririka, anacheka, anamwambia lia, lia baba, lia sana. Alipomkabidhi kwa mama yake anyonyeshwe, akakaa, akavuta kikombe, akanywa ile chai iliyokwisha kupoa.