Hebu Rudia Alichokwambia

Shangazi yangu anauza vitenge vya jumla Kariakoo, na hajawahi kupokea robota bila kulifungua mbele ya aliyelileta. Wiki iliyopita alilazwa kwa sababu ya sukari. Asubuhi nilimpelekea uji, nikakuta wauguzi wawili wanakabidhiana zamu kando ya kitanda chake.

Anayetoka alikuwa ameshavaa mkoba begani. "Mama huyu presha iko vizuri, insulini ya asubuhi nimeshamchoma." Anayeingia alitikisa kichwa mara tatu kukubali, macho yakiwa kwenye kadi ya mgonjwa.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "hebu rudia alichokwambia."

"Presha nzuri. Namchoma insulini, halafu anywe uji."

Mkoba ulishuka begani. "Nimeshamchoma! Sijajaza kadi tu."

Dozi ya pili ingeweza kumzimisha kabisa. Kadi ikajazwa palepale, na saa ikaandikwa. Bibi wa kitanda jirani akapaza sauti: "Na mimi nirudiwe!" Wodi nzima ikacheka, wauguzi nao wakacheka, kisha wakarudia kitanda kwa kitanda.

"Mama, leo umenikosesha gari," yule wa zamu ya usiku alilalamika huku akitabasamu.

"Afadhali wewe ukose gari kuliko mimi nipate jeneza."

Tumelelewa kutikisa kichwa ili tuonekane wasikivu. Nakiri kwamba hata mimi, na shahada yangu, nilikuwa natikisa cha kwangu pale pembeni.