Kiingereza Nilichojifunza kwa Macho

Kiingereza changu nilikipata kwa macho. Sikuwahi kukisikia. Nalisema hili mapema kwa sababu kwetu Ihembe wapo wanaosimulia kwamba nilikosa nafasi ya chuo kwa majivuno, na wapo wanaosema nilirogwa na jamaa wa upande wa baba. Ukweli ni mdogo kuliko hayo yote, na labda ndiyo maana unaniuma.

Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kiingereza kilianza darasa la tano, na baba alinitoa kabla ya hapo kwa kuwa alihitaji mikono kibanjani, katika migomba na kahawa zinazozunguka nyumba yetu. Sikumlaumu siku ile. Nilianza kumlaumu baadaye, nilipokwisha kuwa na mambo ya kumlaumia.

Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa na ofisi Nyakasimbi, na ndani ya ofisi hiyo kulikuwa na sanduku la bati ambalo karani alilikalia akipokea watu. Siku moja baba alinituma huko kuuliza habari za magunia. Karani aliposimama nikaona maandishi juu ya kifuniko.

"Mna nini humo, waitu?" nikamuuliza kwa heshima ya kwetu.

"Vitabu. Vimetoka chuo kikuu cha ng'ambo, Uganda. Eti Wanyambo tujifunze kuuza kahawa Ulaya." Akacheka. "Unataka? Chukua, kijana. Ila sanduku uniachie, nitakaa wapi?"

Nilivibeba kichwani ndani ya gunia. Vilikuwa vitabu vya lugha ya biashara: namna ya kumwandikia mnunuzi, namna ya kulalamikia mzigo uliochelewa, maneno ya bima, ya meli, ya benki. Kimoja kilikuwa cha Kifaransa, nadhani kwa ajili ya watu wanaofanya biashara na Kongo. Pamoja navyo kulikuwa na kamusi, na karatasi iliyoeleza kwamba mtu yeyote angeweza kufanya mazoezi nyumbani, akayatuma kwa posta, na walimu wa chuo wakayasahihisha bila malipo. Mtu yeyote! Nililisoma neno hilo mara nyingi kupitia kamusi, nikihofia kwamba lina maana nyingine.

Nilijifunza kama mtu anayeiba. Nikitia doa la wino katika barua ya kupeleka chuoni, nilianza upya. Mstari ukipanda kidogo upande wa kulia, nilianza upya. Mama alilalamika kwamba pesa ya chumvi inaishia kwenye karatasi. Baba alinikuta siku moja nimeketi kivulini mwa jiko, jembe limelala kando yangu.

"Unamwandikia nani?"

"Mfanyabiashara wa Liverpool, Tata."

"Anakujua?"

"Hayupo. Ni wa mazoezi."

"Hayupo." Akalifikiria hilo. "Na kahawa unayomuuzia?"

"Nayo haipo."

"Basi nenda ukapalilie iliyopo."

Nilicheka kwa adabu, lakini moyoni nilimdharau. Yeye aliuza kahawa halisi kila msimu bila kusema neno: aliweka gunia kwenye mizani, akasubiri kuambiwa bei, akaondoka. Mimi niliuza kahawa ya karatasi kwa maneno matamu, nikabishana na mnunuzi juu ya unyevu na ubora, nikamshinda. Niliamini nipo karibu zaidi na biashara kuliko yeye.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa, na Kinyambo nacho, kwa namna wamisionari walivyotuandikia, ni hivyohivyo. Haikunijia hata mara moja kwamba ipo lugha ya watu wenye akili inayoandika herufi isizozitamka. Kwa hiyo nilisoma Kiingereza kama ninavyosoma Kiswahili, herufi kwa herufi, na kwa kuwa kinywa cha Kinyambo hakipendi neno liishe bila irabu, nilimalizia irabu pale nilipokwama. Hati ya kupokea pesa niliiita reseipti. Hati ya kudai malipo niliiita invoike; herufi c, ambayo kwetu haisimami peke yake, mara niliifanya s, mara k. Mhindi wa duka alisema risiti na invoisi, karani wa chama alisema risiti na invoisi, hata wachukuzi walisema hivyo, nami niliwahurumia wote. Nilidhani wameyaharibu maneno kwa kutokuwa na kitabu. Siku moja nilimsahihisha karani mbele ya watu: "Si risiti, waitu. Ni reseipti." Akaniangalia kwa heshima. Tangu siku ile alinitambulisha kwa wageni kama kijana anayejua Kiingereza cha ndani.

Ningeweza kuokoka. Jirani na kanisa la Kilutheri alikaa mwalimu wa Kihaya aliyetoka Bukoba, mtu mpole, aliyeambiwa habari zangu akanisimamisha njiani.

"Njoo kwangu Jumapili tuzungumze hicho Kiingereza chako," akasema. "Mimi changu kinaota kutu."

"Asante, Mwalimu. Bado najiandaa."

"Unajiandaa kwa nini? Ni mazungumzo tu."

"Bado kidogo, Mwalimu."

Sikwenda Jumapili hiyo wala iliyofuata. Niliogopa kusikika nikijifunza. Nilitaka siku nitakayofungua kinywa kitoke kitu kilichokamilika, kama barua isiyo na doa. Nikimwona njiani nilipita kwenye migomba ya watu.

Ndipo ikaja habari kutoka chuo. Mazoezi yangu yalikuwa bora kuliko yote yaliyotoka upande wetu wa mto wa mpakani, na ilikuwapo nafasi moja ya kusomea biashara huko chuoni, mwaka mzima, chakula na malazi bure. Atakayehitimu angerudi kuwa msemaji wa chama mbele ya wanunuzi. Mwalimu mmoja wa Kizungu angevuka hadi Murongo kuwaona waombaji. Mama alimwambia kila mtu. Alichemsha kahawa ya kutafuna, akaitembeza kwa wageni kwenye kikapu kidogo kana kwamba kuna posa.

Nilikwenda Murongo juu ya lori la chama, pamoja na karani. Tulifanyiwa usaili katika ghala la kahawa, tukisubiri nje tumeegemea ukuta. Mwombaji aliyekaa karibu nami alikuwa kijana wa Muleba aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa.

"Mimi kuandika ni mgonjwa, ndugu yangu," akaniambia bila kuulizwa. "Mazoezi yangu yote yalirudi yana damu, wino mwekundu mtupu. Lakini kusema! Bwana wangu akinisikia kutoka chumba cha pili anadhani amepata mgeni wa kwao."

Nilimwonea huruma huyo naye.

Nilipoingia pamoja na karani, yule mwalimu wa Kizungu alikuwa ameketi nyuma ya meza, kikombe cha chai mkononi, barua zangu zimetandazwa mbele yake. Akasema jambo. Nilisikia sauti kama ya mtu anayezungumza huku maji ya moto yakiwa mdomoni. Sikutambua neno hata moja. Akarudia. Nikaamua kwamba ameuliza lile nililolitarajia, nikaanza kutoa maelezo yangu juu ya masharti ya kuuza kahawa nje, maelezo niliyoyahifadhi nikitembea shambani kwa majuma. Niliyatoa yote, na kwa sauti.

Mwalimu alikunja uso. Akamgeukia karani na kumuuliza kwa Kiswahili, "Hiki ni Kinyambo?"

Karani, ambaye alitaka kunisaidia, alijibu, "Hapana, Bwana. Nadhani ni Kifaransa."

Wachukuzi waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alichukua barua yangu moja, akaweka kidole chini ya neno.

"Soma hapa."

"Reseipti."

"Na hapa?"

"Invoike."

Akaziweka barua pamoja, akazigongagonga mezani mpaka kingo zikalingana. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ule upole ndio ninaoukumbuka.

"Kijana, mtu aliyeandika barua hizi amesoma sana. Ni mtu tunayemtaka. Kwa nini hukumleta?"

"Ni mimi, Bwana."

"Usiogope, hatutamfanya kitu. Ni mwalimu wako? Ni padri?"

"Ni mimi. Nipe karatasi, niandike hapa mbele yako."

Nilijivunia jibu hilo. Karani naye aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, kuonyesha kwamba sasa tutaona. Mwalimu alinipa karatasi moja na kalamu, akanieleza kwa Kiswahili: mnunuzi analalamika kwamba kahawa imefika na unyevu, mjibu. "Nikimaliza chai nitaisoma," akasema.

Nilijua jibu. Nalijua hata leo, naweza kuliandika hapa lote. Niliandika anwani, nikaandika tarehe, nikaandika salamu. Kisha nikatafuta sentensi ya kwanza. Zilikuja tatu, zote nzuri, nikashindwa kuchagua. Nyumbani ningeziandika zote pembeni, nikaziacha mpaka kesho yake, nikarudi kuzipima. Pale sikuwa na pembeni wala kesho. Nikaona pia kwamba anwani yangu imepinda kidogo, na kalamu ya mwalimu ilikuwa nene kuliko yangu. Nikaomba karatasi nyingine.

"Hiyo ina nini?" akauliza.

"Imepinda, Bwana."

Akanipa. Niliandika tena anwani, tarehe na salamu, safari hii bila kupinda. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisosi. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Anwani ni nzuri," akasema.

Yule mpishi aliingia baada yangu. Nilisikia wakizungumza humo ndani, na baada ya kitambo nikasikia mwalimu akicheka kama mtu aliyekuta mwenzake. Karani alitoka ghalani, akasimama kando yangu. Ndani ya lori, tulipokuwa tunarudi, aliniuliza kitu kimoja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Niambie kweli. Nani alikuwa anakuandikia?"

Mama alikuwa ameivisha ndizi kwa ajili yangu, na shangazi wawili wamekaa mkekani.

"Wamesemaje?"

"Wanamtaka aliyeandika barua."

"Si wewe?"

"Ndimi, Mawe."

"Sasa?"

Shangazi mmoja alianza kuvaa khanga yake vizuri, akasema anawahi kufungia kuku.

Nafasi alipewa mpishi. Nilirudisha vitabu Nyakasimbi, na karani alivipokea bila kunitazama. Nilipalilia kahawa ya baba, nikaweka gunia kwenye mizani kama yeye, nikasubiri kuambiwa bei. Sikumwamkia tena yule mwalimu wa Bukoba isipokuwa "shikamoo" ya haraka.

Likizo ya chuo iliyopita mpishi alikuja kwetu Ihembe kwa baiskeli. Alikuwa amenenepa na amevaa viatu. Aliniulizia kwa watu mpaka akafika shambani, akachuchumaa kwenye nyasi kavu za migomba, akatoa karatasi mfukoni.

"Ndugu yangu, mimi sikusahau," akasema. "Kule kusema wananisifu. Lakini huu uandishi utanifukuzisha. Wametupa barua za kuandika likizo hii. Wewe kwako ni mchezo."

Niliendelea kupalilia. Akadhani nataka malipo, akaanza kutaja sukari na shati.

"Mnunuzi anataka nini?" nikamuuliza.

"Punguzo la bei. Tumkatalie bila kumkasirisha." Akaona nimekwisha kuichukua karatasi, akatabasamu. Kisha akasogea karibu. "Ila tafadhali, weka makosa. Mawili matatu, ya kwangu kwangu, wasije wakajua."

Barua ya kumkatalia ilikuwa imekamilika kichwani kabla hajamaliza kusema. Makosa ndiyo yaliyonishinda. Nilijaribu kupotosha neno moja, nikaona aibu, nikalirudisha. Nilimfikiria yule Mzungu akiisoma, akiweka kidole pale, akimcheka aliyeandika.

"Niachie," nikamwambia. "Njoo Jumapili."

"Kwa barua moja?"

"Barua iko tayari. Natafuta makosa."